Ngoma na Msimu Wake

Watu wa rika langu wameonja hali mbili ambazo si rahisi kukutana katika maisha ya mtu mmoja. Tulizaliwa katika uhaba wa burudani, na sasa tunazeeka katika mafuriko yake. Aliyezaliwa Lukuledi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kama nilivyozaliwa mimi, alikuta ngoma, hadithi za jioni, na redio za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Leo mtu huyo huyo, akiketi chini ya mkorosho wake na simu mkononi, anaweza kutazama filamu ya Korea, mpira wa Hispania, mahubiri ya Lagos na taarabu ya Zanzibar kabla chai yake haijapoa.

Hayo ni maendeleo, na sitaki kuyabeza. Hata hivyo, nimewasikia wazee wenzangu, na vijana pia, wakilalamika kwa maneno yanayofanana. Wanasema wanachoka kwa kutazama. Wanaanza vitu kumi bila kumaliza kimoja. Usiku unakwisha, na asubuhi hawakumbuki walichokiona. Wengine wameanza kusema waziwazi kwamba wanataka kupunguza, lakini hawajui waanzie wapi.

Ndugu msomaji, aghalabu tunadhani kwamba swali hili limeletwa na intaneti. Kwa maoni yangu si swali jipya hata kidogo. Katika bonde hili la mto Lukuledi, na kule juu Newala kwenye nyanda za Wamakonde, swali la kiasi gani cha burudani kinamtosha binadamu limejibiwa mara nyingi, na watu mbalimbali, kwa njia mbalimbali. Inafaa tuyakague majibu hayo, tuone lipi linaweza kutusaidia.

Jibu la kwanza lilikuwa la wazee wetu. Kwa Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, ngoma ilikuwa na msimu. Mavuno yakishaingia ghalani na mvua zikiwa zimekatika, ndipo jando na unyago vilipofanyika, na ndipo ngoma zilipokesha. Vinyago vya midimu havikutoka kwa sababu mtu fulani amejisikia mpweke siku ya Jumanne. Vilitoka kwa kuwa kulikuwa na vijana wa kupokelewa na jamii. Aliyepiga ngoma wakati wa palizi angeulizwa analishwa na shamba la nani. Kwa hiyo furaha ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuwa mtu mmoja, bali ni kijiji kizima. Hakuna aliyeweza kuichukua akaenda nayo chumbani.

Lakini tusiwapambe wazee kupita kiasi. Nao walikuwa na wingi wao. Chakula cha mwaka kiliweza kuyeyuka katika sherehe za majuma machache, na njaa ikabisha hodi kabla ya mvua za kwanza. Hata katika miaka yetu hii, viongozi wa mikoa ya Mtwara na Lindi wamelazimika mara kwa mara kukemea ngoma zinazowatoa watoto darasani. Wamisionari nao, waliofika Masasi mwaka 1876 kwa upande wa Waanglikana wa UMCA, na hapa Lukuledi mwaka 1895 kwa upande wa Wabenediktini, walibishana miaka mingi juu ya ngoma hizo. Wapo waliotaka zipigwe marufuku moja kwa moja. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alishika njia nyingine. Hakulifuta jando. Alilitafutia nafasi ndani ya maisha ya Kikristo, akishirikiana na mapadri Waafrika ambao wenyewe walikuwa watoto wa desturi hiyo. Watu wanaweza kuhitilafiana juu ya hekima yake, lakini jambo moja ni wazi: alitambua kwamba huwezi kupunguza furaha ya watu bila kuketi na wenye furaha hiyo.

Mwaka 1906, moshi wa Vita vya Majimaji ukiwa haujapoa, na misheni ya Lukuledi ikiwa imeteketezwa mwaka mmoja kabla, alipita katika nchi hii Mjerumani mmoja aliyeitwa Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig. Alipanda kutoka Lindi hadi Masasi, kisha akaenda Newala na Mahuta. Wapagazi wake walibeba mashine mbili ambazo babu zetu hawakuwa wamepata kuziona: moja ya kunasia sauti katika mitungi ya nta, na nyingine ya kupigia picha zinazotembea. Alinasa nyimbo. Alipiga picha za ngoma. Mtungi mmoja wa nta ulichukua sauti ya dakika chache tu, na joto la huku halikuwa rafiki wa nta.

Mimi huona kwamba safari hiyo ndiyo mwanzo wa habari hii yote. Kabla ya siku ile, kuiona ngoma ya Newala kulimaanisha kuwapo Newala, katika msimu wake, miongoni mwa wachezaji wake, huku vumbi likikuingia puani. Baada ya siku ile, ngoma iliweza kutengwa na msimu, ikatengwa na watu, ikafungwa sandukuni na kuchezwa Ujerumani wakati wa theluji. Sisemi kwamba ni jambo baya. Leo tungeshukuru kuzisikia sauti za mababu zetu. Nasema tu kwamba yaliyofuata, yaani redio, sinema, video na hatimaye simu, yote ni watoto wa mashine ile.

Redio ilichukua muda kutufikia. Kituo cha Sauti ya Dar es Salaam kilianza mwaka 1951, kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 kikageuka kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika utoto wangu Lukuledi, redio ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa saa. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku haikumsubiri mtu. Uliyechelewa kuoga ulisimuliwa. Sheria ya pili ilikuwa betri. Betri zilikuwa ghali, na zilipochoka zilianikwa juani pamoja na mihogo ili zipate nguvu ya siku mbili tatu zaidi. Mwenye redio hakuiwasha ovyo. Akiiwasha, majirani walikuja na vigoda vyao.

Uhaba huo ulizaa mambo ambayo wanahistoria wameyaandika kwa mshangao. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wazima walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, wakafunga redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Walioshiriki wanakadiriwa kufikia milioni 2. Angalia ule utaratibu: kusikiliza kidogo, kuzungumza zaidi, halafu kutenda. Sehemu kubwa ya kipindi ilikuwa baada ya redio kuzimwa.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993. Ulirushwa mara mbili kwa juma. Mkwaju, yule dereva wa lori aliyekuwa na wanawake njia nzima, alijadiliwa vilabuni na visimani kana kwamba ni mwana wa jirani. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo huo haukurushwa na mtambo wa Dodoma, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Waligundua kwamba waliousikia walizungumza zaidi na wenzi wao na rafiki zao kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na mazungumzo hayo yalikuwa sehemu kubwa ya nguvu ya mchezo wenyewe. Mazungumzo yanahitaji nafasi. Zile siku za kusubiri kati ya kipindi na kipindi, ambazo leo tungeziona kama adha, ndizo zilizokuwa nafasi hiyo.

Jibu jingine lilitoka juu, kwa serikali. Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilikataa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba televisheni ingekuwa anasa ya watu wachache wa mijini, ilhali walio wengi waliishi vijijini bila umeme, na fedha za kigeni zilihitajika kwa dawa na mashine. Basi nchi kubwa hii ilikaa zaidi ya miaka 30 baada ya Uhuru bila kituo cha televisheni. Ni baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ndipo vituo vya watu binafsi vilipoanza, mwaka 1994, na televisheni ya taifa ilikuja baadaye, mwaka 2000.

Nimesikia watu wakimcheka Mwalimu kwa uamuzi ule, na wengine wakimlilia. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili. Hoja yake kuhusu usawa ilikuwa nzito. Hapa Masasi, ambapo taa yetu ilikuwa koroboi, tusingeiona televisheni hiyo hata kama ingekuwapo. Lakini uamuzi ule ulikuwa na upungufu mmoja ambao tunaulipia leo. Aliyefungiwa mlango na mwingine hajifunzi kuufunga mwenyewe. Tuliishi na kidogo kwa miaka mingi, lakini hatukukichagua, tulichaguliwa. Tena hicho kidogo chenyewe kilikuwa na sauti moja tu, ya redio ya serikali, na asiyeipenda hakuwa na pa kwenda. Mlango ulipofunguliwa, kila mtu alikimbilia ndani, na hakuna aliyekuwa na mazoea ya kusema, "Hapa panatosha."

Kwanza zilikuja video. Kibanda cha makuti, benchi, jenereta, na filamu ya Kihindi au ya mapigano ikisimuliwa kwa Kiswahili na sauti ya Lufufu. Msimu wa korosho ulipofika na fedha zikapatikana, vibanda vilijaa, na walimu walilalamika kwamba watoto wanavihudhuria kuliko shule. Hata hivyo video ilikuwa bado na mipaka. Ulilipa kiingilio, ukatazama pamoja na wenzako, filamu ikaisha, jenereta likazimwa, mkarudi nyumbani gizani mkibishana nani alistahili kufa. Ilikuwa na mwisho.

Kisha mwisho wenyewe ukaondolewa. Mwaka 2009 waya wa mawasiliano wa SEACOM ulifika Dar es Salaam ukipita chini ya bahari, na intaneti ikaanza kuwa kasi. Januari 2016 kampuni ya Netflix ilifungua milango yake kwa zaidi ya nchi 130 kwa siku moja, Tanzania ikiwamo. Na wasio na uwezo wa kulipia Netflix wana YouTube, ambako kampuni yenyewe ilisema kwamba kila dakika zinaingizwa zaidi ya saa 500 za picha. Nilikaa na mjukuu wangu tukapiga hesabu kwenye ubao. Saa 500 kwa dakika ni saa 720,000 kwa siku. Mtu akitaka kutazama yaliyoingizwa siku moja tu, bila kulala wala kula, atahitaji miaka 82. Mjukuu alifuta ubao, akarudia hesabu, akapata jibu lile lile.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya wingi wa zamani na wingi wa leo. Ngoma ilimalizika kwa sababu wapigaji walichoka na ghala lilipungua. Redio ilinyamaza kwa sababu betri ziliisha. Leo filamu moja ikimalizika nyingine inajianzisha yenyewe kabla hujainua mkono. Mwaka 2017 mkuu wa Netflix, Reed Hastings, alisema hadharani kwamba wanashindana na usingizi. Alisema kwa mzaha wa mfanyabiashara, lakini alisema kweli. Huku kwetu tunao ushahidi: kuna vifurushi vya intaneti vya bei nafuu vinavyofanya kazi usiku wa manane tu, na vijana wa Lukuledi hukesha ili visiharibike bure. Fukara analipa nafuu kwa shilingi, halafu analipia kwa usingizi.

Msomi wa Marekani, Herbert Simon, alieleza jambo hili mapema, mwaka 1971, kabla ya simu hizi kuwapo. Kwa maneno yangu mwenyewe, alisema kwamba habari zinapokuwa nyingi kinachopungua ni uangalifu wa mtu, kwa kuwa habari hula uangalifu kama moto unavyokula kuni. Bibi zetu wangesema kwa ufupi zaidi: ngoma ikivuma sana hupasuka. Ila ngoma ya leo haipasuki. Anayepasuka ni msikilizaji.

Basi tufanye nini? Kurudi kwenye uhaba haiwezekani, wala si haki. Wanangu walio mbali huniona na kuniamkia kwa simu hiyo hiyo. Mjukuu wangu alijifunza hesabu za kidato cha nne kupitia video ya mwalimu ambaye hatujawahi kumwona. Anayesema tutupe simu zote hajawahi kuishi mahali ambapo redio ilikuwa moja na mwenyewe alikuwa mkali.

Mwaka jana, minada ya korosho ilipokwisha, tulikaa kikao nyumbani kwangu, watu wazima na watoto. Sikutaka kutoa amri, kwa kuwa nimeishaeleza ninavyofikiri juu ya milango inayofungwa na mwingine. Kila mmoja alitaja kitu kimoja ambacho asingependa kukikosa, na vingine vyote vikawekwa mezani. Tulikubaliana filamu moja Jumamosi usiku, ya kutazamwa na wote, na mchaguzi awe kwa zamu, hata kama zamu ni ya mtoto wa miaka 8. Mpira ni Jumapili. Mke wangu aliitetea tamthilia yake ya Kituruki kwa hoja zilizotushinda, akapewa siku mbili. Kifurushi cha king'amuzi tulikishusha hadi kile cha chini kabisa. Siku nyingine, baada ya kula, simu zote zinaingia kwenye kikapu kilichokuwa cha kuokotea korosho, yangu ikiwa ya kwanza.

Siwezi kusema imekuwa nyimbo na vigelegele tangu siku ile. Majuma ya mwanzo yalikuwa mazito. Tuliketi tukitazamana kama abiria waliokosa basi. Kijana mkubwa alikwenda kwa rafiki yake jioni kadhaa, na hakuna aliyemfuata. Alirudi mwenyewe, ingawa si kila siku. Faida yenyewe si ya kujivunia sokoni. Ni saa 2 kila jioni. Lakini saa 2 kila jioni ni saa 730 kwa mwaka, yaani mwezi mzima wa mchana na usiku. Mtu akikuahidi kukuongezea mwezi mmoja kila mwaka, hutamuuliza ameutoa wapi?

Na kuna jambo ambalo sikulitaja kwenye kikao, nalo ndilo lililonisukuma. Mama yangu yu hai, na ana miaka mingi. Bibi yake alikuwa msichana mdogo wakati wa Majimaji. Mama anajua, kwa kusimuliwa na aliyeyaona, watu walikimbilia wapi, walikula mizizi gani katika njaa iliyofuata, na ni akina nani walizikwa bila alama karibu na mto. Anazijua nyimbo za unyago kwa Kimwera ambazo wajukuu wangu hawazielewi maneno yake. Hayo hayamo katika zile saa 720,000 za kila siku. Yamo katika kichwa kimoja tu, na kichwa hicho hakijianzishi chenyewe. Kinahitaji mtu wa kukaa karibu, kunyamaza, na kuuliza.

Sasa anasimulia jioni za kikapu. Anasimulia polepole, anarudia, anasahau jina kisha analikumbuka siku ya pili. Mjukuu wa kike ameanza kuandika katika daftari. Na mama ana tabia moja: usingizi ukimjia anakata habari palepale, hata kama watu wako katikati ya mto na Wajerumani wako nyuma yao. Watoto humbembeleza aendelee, lakini haendelei. Anainuka, anachukua fimbo yake, anasema, "Kesho." Nao wanakwenda kulala wakiulizana itakuwaje.